Edmund Roberts: mfanyabiashara aliyefilisika akatuletea mkataba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Tanga. Shuleni tulifundishwa kwamba konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar ni Richard Waters, mwaka 1837. Lakini kila nikisoma mtandaoni nakutana na jina la Edmund Roberts. Mmoja anamwita balozi, mwingine mwandishi, mwingine mfanyabiashara. Alikuwa nani hasa, na alipata kufika Unguja? Na ile habari kwamba alimpelekea Seyyid Said dola ya fedha ambayo leo inauzwa mabilioni ya shilingi, ni kweli au ni porojo?

JIBU: Marahaba. Habari ya dola ni kweli, nitaifikia. Kuhusu Waters, walimu wako hawakukosea. Roberts hakuwa konseli wa Unguja hata siku moja, ila bila karatasi aliyoitia saini Maskati, Omani, mwaka 1833, yaani mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, Waters asingekuwa na cheo cha kujia. Na hayo majina matatu yote ni yake, mradi uyapange kwa zamu: kwanza mfanyabiashara, kisha mjumbe wa serikali, na uandishi ukaja mwisho kabisa, hata kitabu chenyewe kikatoka akiwa ameshazikwa.

Alizaliwa Portsmouth, mji wa bandari katika jimbo la New Hampshire, tarehe 29 Juni 1784. Baba yake alikuwa nahodha, naye akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Kijana huyu akalelewa katika biashara na ami yake, nahodha Joshua Roberts, kule Buenos Aires, na baadaye akaishi London. Aliporudi kwao alikuwa na mali ya kurithi. Mwaka 1808 akamuoa Catherine Langdon, binti wa Jaji Woodbury Langdon, ukoo wa watu wazito Portsmouth. Hapo ungesema mambo yake yameshanyooka.

Hayakunyooka. Ulaya ilikuwa katika vita vya Napoleon, na meli za Wamarekani zilikuwa zikikamatwa baharini na Wafaransa na Wahispania, kila upande na kisingizio chake. Roberts alipoteza meli na shehena. Alijaribu kujikwamua huku na huko, mpaka akateuliwa kuwa konseli wa Demerara, huko Amerika ya Kusini, mwaka 1823. Ukonseli wa siku hizo haukuwa na mshahara wa kumtoa mtu kwenye madeni, na yeye alikuwa na watoto wengi nyumbani.

Sasa tunafika Unguja. Mwaka 1827 Roberts alikodi brigi (meli ya matanga yenye milingoti miwili) iliyoitwa Mary Ann, akapakia bidhaa, akaja mwenyewe. Alitia nanga Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo ndiyo, alifika Unguja, tena miaka kumi kabla ya Waters. Alichokikuta kilimkera. Wamarekani walikuwa wameshaanza kuja kununua pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa miti), lakini hawakuwa na makubaliano yoyote na Seyyid Said bin Sultan. Mgeni wa namna hiyo anauza kwa anayeambiwa amuuzie, bei anapangiwa, malipo anayasubiri, na ushuru anatozwa jinsi mtu wa forodha alivyoamka siku hiyo. Waingereza walikuwa na ahueni. Roberts, aliyekuwa akihesabu kila siku ya kukaa bandarini kama hasara, alikaa miezi.

Kukaa huko ndiko kulikompa bahati. Januari 1828 Seyyid Said mwenyewe alitia mguu Unguja kwa mara ya kwanza, akitokea Mombasa alikokuwa akipambana na Mazrui, ukoo uliotawala mji huo. Roberts akamfikia, akapeleka malalamiko yake. Na hapa vitabu vingi vya Kimarekani hupita mbio, kana kwamba Mzungu alikuja na mkataba mfukoni na Mwarabu akatia saini. La. Said ndiye aliyependekeza uwepo mkataba na Marekani. Alikuwa na sababu zake. Waingereza wa Bombay walikuwa marafiki, lakini rafiki mwenye manowari nyingi anahitaji kuwekewa mwenzake pembeni. Wamarekani walikuwa na nguo, baruti na fedha taslimu, na hawakuonekana kutaka ardhi. Kwa mtawala aliyekuwa akihamishia macho yake kutoka Maskati kuja Unguja, hao walikuwa wateja wa kuwakamata.

Roberts aliporudi kwao alimwandikia Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake, kumweleza hayo yote. Kisha kimya. Woodbury akaja kuwa Waziri wa Jeshi la Majini wa Rais Andrew Jackson, na bado hakuna lililofanyika, mpaka damu ilipomwagika mahali pengine kabisa. Februari 1831 meli ya Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, iitwayo Friendship ilishambuliwa ikinunua pilipili Kuala Batu, Sumatra, na mabaharia wakauawa. Jackson akatuma manowari Potomac kwenda kulipiza. Sambamba na ubabe huo, serikali ikaona afadhali iwe na mikataba huko mashariki, na Woodbury akamkumbuka mtu wake wa Portsmouth.

Januari 1832 Roberts aliteuliwa kuwa wakala maalumu. Safari ilikuwa ya siri. Ndani ya manowari Peacock, chini ya nahodha David Geisinger, aliandikishwa kama karani wa nahodha. Mkononi alikuwa na barua za utambulisho ambazo nafasi ya jina la mfalme imeachwa wazi, ajaze mwenyewe akifika. Ukiniuliza, mimi naona barua hizo zinaeleza jinsi Washington ilivyoujua ulimwengu wa mashariki wakati ule kuliko hotuba yoyote ya Jackson.

Baada ya kupitia Amerika ya Kusini, Sumatra, Manila na Canton huko China, Januari 1833 Peacock ilitia nanga Vung Lam, pwani ya Vietnam ya leo, wakati wa mfalme Minh Mang. Hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote katika kitabu chake. Maofisa wa mfalme walitaka kujua vyeo vyake. Kwao, mjumbe asiye na msururu wa vyeo hawezi kuwa mjumbe wa kweli. Roberts hakuwa na cheo hata kimoja cha maana. Alikuwa raia tu, na kwa karatasi za meli, karani. Basi akakaa na yule ofisa mwenye kalamu, akaanza kumtajia: Edmund Roberts, mjumbe maalumu wa Marekani, raia wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire... kisha akaendelea na majina ya wilaya za jimbo lake, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaja himaya zake. Mwandishi aliandika, akaandika, karatasi ikajaa, akalalamika kwamba kichwa kinamuuma. Swali la vyeo likaishia hapo.

Alicheka, lakini mkataba hakuupata. Maofisa walitaka barua ya Rais wa Marekani iandikwe upya kwa maneno ya unyenyekevu, kama barua ya mdogo kwa mkubwa wake. Roberts alikataa, wakaagana. Siam, yaani Thailand ya leo, ilikuwa rahisi zaidi: baada ya majadiliano ya wiki kadhaa, tarehe 20 Machi 1833 mkataba ulitiwa saini Bangkok na serikali ya mfalme Rama wa Tatu. Huo ndio mkataba wa kwanza wa Marekani na dola ya Asia.

Halafu Maskati, Septemba 1833. Kwa kuwa hapa walikuwa watu waliokwisha kuonana Unguja, kazi ilichukua siku chache tu, na tarehe 21 Septemba saini zikawekwa. Mkataba una vifungu tisa, na ukivisoma taratibu unamsikia yule mfanyabiashara wa Mary Ann akizungumza. Kifungu cha pili kinasema Wamarekani waingie bandari zote za Said na kuuza kwa yeyote wamtakaye, wala bei isipangwe na mtawala au watu wake. Cha tatu kinaweka ushuru wa asilimia 5 kwa shehena inayoshushwa, basi, hakuna tozo nyingine. Yote yale yaliyomkera mwaka 1827 yamejibiwa hapo, moja moja. Pia ukaruhusu Marekani kuweka makonseli katika bandari kuu za biashara, na ndiyo njia aliyopita Waters.

Kuna sharti moja ambalo Said alilisimamia kwa ajili ya usalama wake: bunduki, baruti na risasi, zikiletwa Unguja, ziuzwe kwa serikali peke yake. Bandari nyingine ruhusa. Na kuhusu watumwa, ambao ndio waliobeba pembe hizo mabegani kutoka bara, na ndio waliolima mikarafuu, mkataba hausemi neno. Usidhani ni usahaulifu.

Kifungu cha tano nakiomba ukisome mara mbili. Kinahusu mabaharia wa Kimarekani wanaovunjikiwa na meli katika pwani za Said. Katika mikataba ya aina hii kawaida ilikuwa nchi ya mabaharia ndiyo inayolipia chakula na nauli ya kuwarudisha. Said alikataa. Akataka iandikwe kwamba watahifadhiwa na kukirimiwa kwa gharama yake mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa sababu yeye hawezi kamwe kupokea malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na dhiki. Maneno hayo yamo ndani ya mkataba wenyewe, kwenye mabano, katikati ya lugha kavu ya ushuru na forodha. Mtu wa pwani anaelewa mara moja kilichotokea: mwenye nyumba ameambiwa mgeni atalipia chai.

Nidokeze jambo dogo linalowachanganya wengi. Wamarekani walimwita Sultani wa Maskati, lakini Sultan katika jina lake ni jina la baba yake, Sultan bin Ahmad. Wenyewe walimwita Sayyid.

Roberts alirudi Marekani mwaka 1834, na tarehe 30 Juni Baraza la Seneti likaidhinisha mikataba yote miwili. Ilibaki kuipeleka tena kule ilikotoka ili nakala zibadilishane. Mwaka 1835 Peacock iling'oa nanga tena, ikapitia Unguja, ikaelekea Maskati. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1835, miaka miwili kamili tangu saini, ikapanda mwamba wa matumbawe karibu na kisiwa cha Masira, pwani ya Omani. Mabaharia wakatupa mizinga baharini kupunguza uzito. Roberts, mtu wa miaka 51, akaingia kwenye mashua ndogo pamoja na afisa kijana William Taylor na wapiga makasia wachache, wakaondoka kwenda Maskati kutafuta msaada, jua kali na hofu ya maharamia juu yao.

Walifika. Na hapo kifungu cha tano kikatoka kwenye karatasi. Said aliagiza meli yake Sultana ipakie maji na chakula iende kuiokoa manowari ya Marekani. Peacock ilikuwa imejinasua yenyewe kwa bahati, lakini msaada ulitolewa kama ulivyoahidiwa, bila hesabu. Nakala za mkataba zikabadilishwa Maskati tarehe 30 Septemba. Sultana hiyohiyo ndiyo iliyoingia New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Said, na Wamarekani wakaifanyia matengenezo katika karakana ya jeshi la majini bila kudai hata senti. Walikuwa wanalipa deni la Masira.

Roberts hakuyaona hayo. Kutoka Maskati alikwenda Bangkok, ambako nakala za mkataba wa Siam zilibadilishwa Aprili 1836, kisha akarudi Vietnam kujaribu tena, safari hii akiwa mgonjwa wa tumbo kiasi cha kutoweza kujadiliana. Meli ikaondoka naye. Alifariki Macau tarehe 12 Juni 1836, akazikwa katika makaburi ya Waprotestanti yaliyoko hapo mpaka leo. Katika maagizo yake ilikuwamo pia Japani, ambayo hakuiona. Huko Wamarekani walipata mkataba mwaka 1854, mikononi mwa Perry, kamanda wa jeshi lao la majini, na manowari zake.

Kitabu chake kilichapwa New York na Harper mwaka 1837, kikielezea safari ya kwanza, ya 1832 hadi 1834. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba Roberts ni mwandishi, mkubalie, lakini ujue ni mwandishi wa namna gani. Si mtu wa madoido. Anaandika kama anayejaza daftari la ghala: bandari ina kina gani, maji yanapatikana wapi, kinauzwa nini na kwa kipimo gani. Ukitaka kujua Unguja ya 1827 ilinukaje, hutapata kwake. Unguja anaigusa tu anapoeleza milki za Said: bidhaa za pwani, sandarusi, pembe, magamba ya kasa, na manowari za Said, mojawapo ikiwa Liverpool yenye mizinga 74. Kwa upande wa watu wa mashariki ana dharau za zama zake, hasa kwa Vietnam na Siam, na nakuonya mapema ili usishtuke. Maskati ndiko anakolainika. Amemheshimu Said kwa dhati, nadhani kwa sababu alikutana na mfanyabiashara mwenzake.

Sasa, mkataba ulizaa nini huku kwetu? Usije ukadhani ndio ulioleta Wamarekani. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli 41 za kigeni ziliingia Unguja, na 32 kati yake zilikuwa za Marekani, nyingi kutoka Salem. Habari za mkataba zilikuwa hazijaenea. Wafanyabiashara wa Salem hawakuufurahia sana, kwa kuwa njia waliyoichonga kimyakimya sasa ilitangaziwa nchi nzima. Kilicholetwa na mkataba ni kigezo. Waingereza walimtuma nahodha Hart mwaka 1834 kuja kuchungulia kilichoandikwa, na mwaka 1839 wakapata mkataba wao. Wafaransa wakafuata 1844. Ile asilimia 5 iko katika yote mitatu. Tofauti moja inafaa kuangaliwa na mtu wa Tanga: mkataba wa Waingereza uliwazuia kununua pembe na sandarusi moja kwa moja katika pwani ya Mrima, kutoka Tongoni mpaka Kilwa. Wa Roberts haukuweka kizuizi hicho. Said alikuwa ameshajifunza. Waters na wenzake walipotaka kutumia upenyo huo, walikuta mlango umeshikwa na Jairam Shivji, mkodishwa forodha, yaani aliyekodishwa na Said kazi ya kukusanya ushuru, na Waters akaona ni busara zaidi kufanya naye biashara kuliko kugombana naye.

Na kilichobaki zaidi ni neno. Nguo ngumu ya pamba, isiyopaushwa, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na meli hizo, watu waliiita merikani. Ilikwenda bara kwa misafara, ikawa kipimo cha bei, ikatiwa rangi ya buluu ikawa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, kuanzia 1861, viliikatisha, nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na India, lakini jina halikuondoka. Mpaka leo ukienda kwa muuza vitambaa ukataka merikani, atakukatia kile kitambaa cheupe kisichong'aa, ingawa kimefumwa mbali kabisa na Salem.

Tumalizie na dola yako. Mwaka 1834, wakati safari ya pili inaandaliwa, Roberts alishauri kwamba kati ya zawadi za watawala iwekwe seti kamili ya sarafu za Marekani, za dhahabu, fedha na shaba. Serikali ikaagiza kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Kikazuka kikwazo: dola ya fedha ilikuwa haitengenezwi tena kwa muda mrefu. Wakaangalia madaftari, wakakuta mara ya mwisho ni 1804, nao wakatengeneza dola mpya zenye tarehe 1804. Walichosahau ni kwamba dola zilizotengenezwa mwaka ule wa 1804 zilikuwa na tarehe ya nyuma yake. Yaani hakukuwa na dola yoyote yenye tarehe hiyo duniani mpaka hizo za zawadi, zilizotengenezwa miaka 30 baadaye. Seti moja Roberts aliikabidhi Maskati mwaka 1835, nyingine Bangkok 1836. Zilizokusudiwa Vietnam na Japani hazikupata wa kuzipokea.

Dola za toleo hilo zinazojulikana leo ni nane. Ile inayoaminiwa kuwa ya Seyyid Said iliuzwa kwa mnada mwaka 1999 kwa dola 4,140,000, ikauzwa tena Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68, yaani zaidi ya shilingi bilioni 17 za Tanzania kwa kiwango cha mwaka ule. Ilitokaje Maskati au Unguja mpaka kufika mikononi mwa watoza sarafu wa Uingereza, hilo wenye minada hawalielezi.